Kikombe kwa Mkono wa Kushoto

Ujumbe wa Kevo, mwenzangu wa kazi ya zamani, ulinikuta Nakuru, nikiwa nimekaa kando ya mwanafunzi wa udereva aliyekuwa akikata kona bila kuangalia upande wa kushoto. "Barasa, Daktari alipata kiharusi. Ametoka hospitali. Anatuita chakula cha mchana Jumamosi, kwake Lavington. Ametaja jina lako mara mbili." Nilimwambia mwanafunzi asimamishe gari. Nikausoma tena. Daktari Muthoni, aliyetumia maisha yake kupima mikono iliyopigwa na kiharusi, sasa ule wake wa kulia ulikuwa umelala. Mimi ni mtu wa kuhamahama. Nimeuza miwani Kisumu, nimepima watu viatu Eldoret, nimepaka rangi majumba Mombasa, na sasa nafundisha udereva, na kila mji niliokaa nimeuacha kabla sijajua majina ya majirani wote. Lakini katika kazi zote hizo, kitu kimoja sijaacha kukifanya: natazama mikono ya watu. Natazama inavyoanza kusonga, inavyosita, inavyobadili nia. Hilo nililipata katika mwaka mmoja, nilipokuwa na miaka ishirini na miwili, katika nyumba moja ya Kilimani.

Jumamosi hiyo mlinzi alinifungulia lango, na Karanja, mtoto wa Daktari, akaja kunipokea kwenye njia ya kokoto. Mara ya mwisho nilimwona akiwa mtoto wa shule. Sasa ana mvi. Alinisalimu, akanishika bega, akasema kwa sauti ya chini kabla hatujafika barazani: "Ukimwona usishtuke. Maneno anasema sawa. Mkono wa kulia ndio umekataa kabisa. Na sasa, buda, tunaogopa hata huu wa kushoto. Ukimwomba kitu anakaa kwanza, halafu ndio mkono unakuja. Tunasikia ni kama shida imevuka upande wa pili." Nikamuuliza wameanza kuliona hilo lini. "Wageni walipoanza kuja," akasema. Nilitaka kuona kwanza. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa.

Habari za kwetu, za wazazi na za jinsi nilivyofika Nairobi nitaziacha, maana hazitofautiani sana na za vijana wengine waliomaliza kidato cha nne magharibi wakapanda basi. Nilikuwa na chumba mtaa wa Satellite. Kila asubuhi nilitoka kwa miguu, nikapita Kawangware watu wakiwa bado wanapiga mswaki milangoni, nikaingia Lavington ambako ukuta unafuata ukuta na mbwa hubweka bila kuonekana, mpaka nikatokea Kilimani. Siku hizo majumba ya zamani yalikuwa bado yapo huko, yenye paa za vigae na bustani za nyuma. Mojawapo ndilo lililokuwa maabara yetu. Ukiambiwa maabara unafikiria chupa na moshi. Yetu ilikuwa sebule yenye kompyuta tatu, chumba cha kulala kilichowekwa meza ya majaribio, na bafu ambalo beseni lake la kuogea lilijaa mafaili mpaka ukingoni. Jikoni palikuwa jikoni hasa. Mama Sharon, aliyekuja kutoka Satellite kama mimi, ndiye aliyetawala huko, na ndiye aliyeniambia kwamba pale Kilimani kuna daktari anatafuta kijana wa kubandika watu stika.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mtu anakaa mezani, amelaza viganja vyake viwili juu ya vitufe viwili. Namwekea stika nyeupe begani, kwenye kiwiko na kwenye kifundo cha mkono, ili kamera ione vizuri. Mbele yake kuna ubao wenye taa mbili, na kando ya kila mkono kuna kikombe cha plastiki. Taa ya kulia ikiwaka, anachukua kikombe kwa mkono wa kulia na kumpa mtu aliyekaa ng'ambo ya meza. Ikiwaka ya kushoto, anatumia mkono wa kushoto. Saa inaanza kuhesabu taa inapowaka, na inasimama kiganja kinaponyanyuka kwenye kitufe. Ni hayo tu. Lakini katika kile kipande kidogo cha muda, Daktari alituambia, ndimo ubongo unamofanya kazi yake yote: kuiona taa, kuijali, kuamua, kuutuma mkono. Kuna watu ambao baada ya kiharusi mkono wao wa kushoto una nguvu, na jicho ni zima, lakini ubongo umeacha kuujali upande ule. Mtu wa hivyo ananyoa nusu ya ndevu. Anakula nusu ya sahani, halafu anauliza kwa nini wamempunja. Anagonga mlango kwa bega la kushoto na anashangaa nani ameuweka hapo. Daktari alikuwa akitafuta njia rahisi ya kuwatambua watu hao mapema, kwa vitu ambavyo zahanati yoyote inaweza kununua. Taratibu za jaribio alikuja nazo kutoka ng'ambo alikosomea, akazifuata kama zilivyo.

Tulikuwa tunapima makundi mawili. Wagonjwa, na watu wazima wa afya wa kulinganisha nao. "Wagonjwa ni wangu," Daktari alisema siku ya kwanza, "wazima ni wako." Maana yake ni kwamba akija mgonjwa, yeye mwenyewe ndiye aliyekaa ng'ambo ya meza kupokea vikombe, ili amtazame kwa karibu. Wakija mafundi, walinzi, wauza mboga na wapangaji wenzangu wa Satellite niliowaleta mimi, mimi ndiye niliyekaa. Ilionekana ni mgawanyo wa busara. Kevo, aliyekuwa akisomea shahada ya pili, alishughulikia kompyuta na kamera huku redio yake ikicheza rege kutwa nzima. Kwa sababu ya redio hiyo kanda za video tulizitazama bila sauti. Na kwa nini tuhitaji sauti? Tulikuwa tunapima mikono.

Nikikumbuka chumba kile sasa, naona jinsi nilivyokuwa na fahari kabla hata sijastahili. Mama Sharon alinipa koti jeupe lililoachwa na mtu aliyeondoka, mikono ikinifika kwenye vidole, na nilipowaita majirani zangu waje kupimwa nilikuwa nalivaa hata barabarani. "Daktari wa stika amefika!" fundi mmoja wa mawe alikuwa akinipigia kelele kila akiniona. "Leo unapima nini? Ubongo ama mfuko?" Nilimpima. Mikono yake yote miwili ilikuwa na kasi ya paka.

Mwezi wa tatu alikuja Ustadh Salim. Alikuwa mtu wa pwani, amefundisha madrasa katikati ya jiji kwa miaka mingi, mrefu, kofia yake safi kama karatasi mpya. Kiharusi kilimpiga wakati anatawadha. Mkono wa kushoto ulikuwa umepoteza nguvu kwa wiki kadhaa, kisha ukarudi. Sasa kamati ya madrasa ilitaka barua ya daktari. Watoto arobaini huketi mkekani pande zote mbili za mwalimu, na yeye huwavusha barabara mwenyewe saa ya kwenda nyumbani. Kama hana habari na upande wake wa kushoto, hawezi kurudi kazini. Binti yake alikuwa ameshaambiwa amtayarishie safari ya kurudi pwani, akakae. Alitueleza mwenyewe, jikoni, akinywa chai yetu na kutugawia mahamri aliyokuja nayo kwenye hotipoti. "Sikuogopa kufa," alisema. "Naogopa kukaa."

Alipimwa mara tatu katika wiki mbili. Mkono wa kulia ulikuwa sawa. Wa kushoto ulichelewa, kila mara, na kwa kipimo kilekile. Niliiona michoro ya kasi kwenye kompyuta: mstari wa watu wangu wazima ulikuwa juu, wa Ustadh chini kabisa. "Huyo ameenda," Kevo alisema, akisukuma kiti chake nyuma. "Upande wa kushoto hauko nyumbani."

Jioni hiyo nilimsindikiza Ustadh mpaka kituoni. Tulikuwa tunavuka, mimi nikiongea sana kama kawaida yangu, nikajisikia navutwa mkono kwa nguvu. Mkokoteni wa maji ulipita pale nilipokuwa karibu kukanyaga. Ulikuwa umetokea kushoto kwetu. Mkono ulionivuta ulikuwa wake wa kushoto. "Jicho lako umelipeleka wapi, mwanangu?" akaniuliza. "Na wewe ndiye unapima watu?" Akacheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Nilitembea mpaka Satellite nikiutafakari mkono ule, na niliporudi kazini kesho yake nikamwambia Kevo. "Bahati," alisema. "Mkokoteni ni mkubwa, una kelele. Taa ni ndogo. Soma kwanza ndio ubishane." Nikarudi kwenye stika zangu, maana kweli sikuwa nimesoma.

Ijumaa ndiyo siku aliyoambiwa Ustadh aje kuchukua barua yake, saa kumi. Saa saba nilikuwa jikoni. Mama Sharon alikuwa akikanda unga wa chapati kwa mkono wa kulia, na dondo, maharagwe yetu ya kila siku, zikichemka kwenye jiko la pili. "Shika," aliniambia, akanisukumia bakuli la dondo kwa mkono wa kushoto. "Na usimalize, iko watu wengine." Nikala nimesimama. Ndipo Daktari akaingia, miwani kichwani, akaomba chai. Mama Sharon alimimina kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa umejaa unga mpaka kwenye kifundo. Akakishika kikombe. Akasimama. Akainamisha kichwa kidogo, na kile kiganja chenye unga akakisogeza kikagusa kiwiko cha kushoto. "Samahani Daktari," alisema, "hii ingine iko na unga." Na baada ya neno hilo ndipo mkono ulipotoka.

Daktari alichukua chai, akashukuru, akaenda zake. Hakuona chochote. Mimi mwenyewe nimezaliwa na kukua katika adabu hiyo. Nyumbani ningempa mkubwa kitu kwa mkono wa kushoto bila kuomba radhi ningekula kofi kabla kitu hakijafika. Lakini kitu ambacho umekifanya maisha yako yote hukioni, kama vile huoni pua yako. Niliweka bakuli chini. "Mama Sharon," nikasema, "mbona mimi hukuniambia samahani?" Alinitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini ng'ombe haombwi hodi. "Wewe? Wewe ni nani?"

Nilikwenda sebuleni, nikazima redio ya Kevo. Alitaka kunipiga. Nikaweka kanda ya Ustadh, nikafungua sauti mpaka mwisho. Taa ya kulia ikawaka, mkono ukaenda kimya. Taa ya kushoto ikawaka, na kabla kiganja hakijanyanyuka, ikasikika sauti ya chini, ya haraka, ya mtu mwenye heshima zake: "Niwie radhi, mama." Kisha kikombe. Nikarudisha. "Niwie radhi, mama." Kila mara taa ya kushoto ilipowaka. Nikaweka kanda ya mgonjwa mwingine, mama wa Kakamega. "Samahani Daktari." Mwingine hakusema neno, lakini aliinama, akagusa kiwiko kwanza, halafu akatoa. Nikaweka kanda za watu wangu wazima. Kimya. Fundi wa mawe alinirushia vikombe kushoto na kulia kama anayelisha kuku. Bila shaka. Aliyekaa ng'ambo ya meza nilikuwa mimi, Barasa wa stika. Nani ataniomba radhi?

"Hiyo ni kitu kidogo," Kevo alisema, lakini sauti yake ilikuwa imeshuka. "Hiyo ni neno moja tu."

"Na mkono wa Ustadh unachelewa kiasi gani?" nikamuuliza.

Alipima kwenye kompyuta mara mbili. Ulichelewa muda wa kusema neno moja.

Kutoka sebuleni mpaka mlango wa ofisi ya Daktari ni hatua kumi na moja. Nazijua kwa sababu nilizihesabu nikitafuta sababu ya kurudi. Barua ilikuwa mezani kwake, imeshapigwa chapa, kalamu juu yake. Yeye alikuwa mtu mpole lakini hakupenda kukatizwa, na mimi nilikuwa na cheti cha kidato cha nne chenye alama nisizopenda kuzitaja. "Daktari," nikasema, "naomba usiweke sahihi kwanza." Kevo alikuwa nyuma yangu mlangoni, na kwa mara ya kwanza hakunicheka. Nikamweleza ovyo, nikianza na chapati. Alinisikiliza huku amekunja uso. "Unasema wagonjwa wangu wote wananiomba radhi?" "Ndiyo, Daktari." "Na mimi nimekaa pale miezi mitatu sisikii?" Akaisogeza kalamu kando ya barua. "Umesikiliza kanda ngapi?" "Saba." Akainuka. Akaja sebuleni, akakaa sakafuni kama msichana, sikio karibu na spika, akasikiliza zote saba. Mwishoni aliondoa miwani akaifuta muda mrefu. "Nyanya yangu Nyeri alinichapa kwa ajili ya mkono huu," alisema, akiuinua wa kushoto. "Nikapanda ndege nikaenda kusomea jinsi unavyosonga. Nikarudi nikiwa nimesahau kwa nini unasita."

Ustadh alifika saa kumi kamili, kanzu ya Ijumaa, uso wa mtu aliyejitayarisha kwa habari mbaya. "Shikamoo, Ustadh," nikamwamkia. "Marahaba. Barua ipo?" Daktari alimwomba apimwe mara moja zaidi. Kisha akanigeukia, mbele ya wote, akasema: "Barasa, kaa kwenye kiti changu." Nilikaa. Kilikuwa na mto, changu hakikuwa nao. Nilisikia jasho likinitiririka ndani ya lile koti. Daktari akatoka chumbani kabisa, akasimama nyuma ya mlango. Taa ya kushoto ikawaka. Ustadh akaninyooshea kikombe kama anayempa mwanawe maji, bila neno, mkono ukiwa umetoka hata kabla sijawa tayari kupokea. Nikakiangusha. "Pokea vizuri, bwana," alisema. Tulirudia mpaka vikombe vikanichosha. Mkono wa kushoto ulikuwa nyuma ya wa kulia kidogo tu, kama unavyotarajia kwa mtu aliyeugua, na Daktari aliandika hivyo hivyo bila kupamba. Kisha tukambadilisha na Mama Sharon, mzima wa afya, tukamkalisha mbele ya Daktari. Mkono wake wa kushoto ukachelewa sawasawa na wa mgonjwa. "Kwa hiyo mimi pia nimepigwa na kiharusi?" akauliza, na Ustadh akacheka tena mpaka akakohoa.

Barua ile ya kwanza Daktari hakuichana. Aliigeuza, akachora nyuma yake meza mpya: vikombe vitawekwa kwenye sahani, si mkononi mwa mtu, na hakuna atakayekaa ng'ambo. Wagonjwa wote wa miezi ile walirudiwa. Ustadh alirudi kwa watoto wake Jumatatu. Siku moja nilikwenda kumwona, nikasimama mlangoni nikamtazama akisoma, na mtoto wa upande wa kushoto alipoanza kusinzia alimgonga goti kwa kidole bila kugeuza kichwa. Na ripoti ilipoandikwa, Kevo alitaka kuweka "msaidizi" kwenye ukurasa wa shukrani. "Msaidizi hana jina?" Daktari akamuuliza. "Liandike. Na uliweke kwa waandishi." Nina nakala yake mpaka leo. Imehama nami miji yote hiyo, chini ya nguo, na nusu ya maneno yaliyomo siyaelewi. Jina langu nalielewa.

Mwisho wa mwaka fedha za utafiti ziliisha, nyumba ikafungwa, nami nikaondoka Nairobi. Watu huniuliza kwa nini sikurudi shuleni baada ya hapo. Nilijaribu, sikuweza kukaa. Lakini sijawahi kujihesabu kuwa mtu asiyejua kitu. Nilikaa kwenye kile kiti chenye mto.

Barazani Lavington Daktari alikuwa amekaa kwenye kiti cha nyuzi, shali magotini, mkono wa kulia umelazwa juu yake kama kitu cha mgeni. Kevo alikuwa ameshafika, kitambi mbele. Tukasalimiana, tukacheka, Mama Sharon akakumbukwa, Ustadh aliyekwisha kufariki akaombewa. Kulikuwa na chupa ya chai mezani na vikombe vilivyokwisha miminwa, na Daktari akasema hataki mtu mwingine anipe chai yangu. Karanja alisogea amsaidie. Mama yake akamzuia kwa macho. Mkono wa kushoto ukashika kikombe, ukasimama.

Nilimwona Karanja akiniangalia, kama kusema, umeona? Nilikuwa nimeona. Nilikuwa naangalia bega, kiwiko na kifundo cha mkono, pale stika zingekuwa. Kichwa chake kiliinama kidogo. Midomo ikasogea, kwa sauti ambayo mtu aliyesimama hatua tatu nyuma hawezi kuisikia. Neno lilipoisha, mkono ukaja moja kwa moja, umetulia, chai haikutikisika. Nikaipokea kwa mikono yangu miwili.

"Karanja," nikasema, "sogea hapa karibu na mama, usikilize. Daktari, tafadhali nipe na sukari."